Bilioni Tisa na Mchanga wa Nassibu

Ukitaka kumuudhi Fundi Nassibu wa Bunda, usimtukane yeye. Mwite mzee, mwite mfupi, mwite lolote, atacheka na kukuagizia chai. Lakini hebu sema neno baya juu ya mashine namba tatu ya kiwanda cha kuchambua pamba, ile yenye rola za ngozi, uone! Ameipaka grisi miaka thelathini na moja. Mkewe, Mwanaupe, alishakata tamaa zamani. Kila Nassibu akirudi jioni na nyuzi za pamba kichwani, anamuuliza, "Mke mwenzangu ameshindaje leo?" Na Nassibu, bila haya, anajibu, "Hajambo, alikohoa kidogo saa nne."

Basi siku moja ya mwezi wa nane, katikati ya msimu, mashine ikatukanwa mbele ya watu hamsini.

Aliyeitukana ni binti wa watu, Rhobi, mtoto wa Butiama aliyesoma mpaka vitabu vikachoka. Alitumwa na mfuko mmoja mkubwa wa Dar es Salaam uliokuwa unatafuta mahali pa kuweka fedha kwenye nishati na viwanda. Fedha kiasi gani? Bilioni tisa. Shilingi bilioni tisa, ndugu yangu, zije Bunda, kwa chama cha ushirika cha wakulima wa pamba! Kuna watu pale uani pa kiwanda walipoisikia hiyo hesabu walikaa chini. Nusu ni ruzuku, nusu ni mkopo, na dhamana ya mkopo ni kiwanda chenyewe pamoja na kiwanja chake.

Rhobi alieleza vizuri, tena kwa adabu. Zitanunuliwa mashine mpya za kuchambulia. Kitajengwa kinu cha kukamua mafuta ya mbegu za pamba. Na juu ya yote utasimikwa mtambo wa umeme utakaochoma maganda ya zile mbegu, uendeshe kiwanda kizima, na umeme wa ziada uuzwe.

"Utajiri mnao, ila mnautupa," alisema. "Hapa ikiingia pamba kilo mia, zinatoka nyuzi kilo ishirini na nane. Wenzenu kwingine wanapata thelathini na tano. Kilo saba zinapotelea kwenye mashine. Imechoka, inabakiza nyuzi kwenye mbegu." Akanyoosha kalamu yake, moja kwa moja, kwenye mashine namba tatu.

Loh! Nassibu aliona kama amezabwa kofi sokoni. Maana yeye alijua zile kilo saba zinakopotelea. Alijua kwa ufagio.

Jambo lenyewe ni hili, na kila mtu wa Mara anayelima pamba analijua hata akikukatalia. Zamani wanunuzi walikuwa wanakuja vijijini na mizani zao za kuning'iniza, mizani zilizofundishwa wizi. Unapeleka kilo hamsini, inasoma arobaini na mbili. Ukilalamika, unaambiwa beba pamba yako urudi nayo. Wakulima nao wakatafuta dawa. Ukishavuna, unamwagia pamba maji kidogo, unachanganya na mchanga, unashindilia kwenye gunia. Mizani inakuibia, na wewe unaiibia. Ngoma droo. Sasa hizo mizani za wizi zimeshaondoka, zimekuja za umeme zinazosema kweli, lakini mchanga haukuondoka. Baba alifanya, mama alifanya, mtoto akakua akidhani ndivyo pamba inavyovunwa.

Na kiwandani, kila jioni, Nassibu anafagia chini ya mashine namba tatu na kuuzoa mchanga. Unakula ngozi za rola, unaikohoza mashine. Msimu mzima unatoa tipa mbili. Miaka ile ya kwanza meneja alimwambia autupe. Nassibu akautupa, ila akautupia nyumbani kwake. Nyumba yake ya vyumba vinne na baraza, matofali yake na lipu yake, yote ni mchanga uliotoka kwenye pamba. Hata jiko la nje la Mwanaupe, lililofika kiunoni na kusimama, lilikuwa linasubiri mchanga wa msimu huu.

Mkutano ulipokwisha, mwenyekiti wa ushirika alimvuta Nassibu pembeni. Mwenyekiti huyo ni Stanislausi Masatu, mtu wa vijiji vya ziwani, mkulima mkubwa, rafiki yake wa tangu ujana. Walianza kazi siku moja pale kiwandani, mmoja akibeba marobota, mwingine akipaka grisi.

"Fundi Mkuu!" Stanislausi alisema, akamshika bega. "Nimeshakuombea. Wanakupeleka India miezi mitatu ukasomee mitambo mipya. Ukirudi, nyumba ya kiwanda, yenye vigae."

"Stani," Nassibu alisema, "kwani we hujui?"

"Kujua nini?"

"Mchanga."

Stanislausi akatazama viatu vyake. "Kila mtu anajua, Nassibu. Ndiyo maana hakuna anayesema."

"Lakini hesabu yao yote..."

"Acha fedha ziingie kwanza. Zikishaingia tutawaambia watu waache."

"Miaka yote hii hawajaacha. Wataacha kwa ajili ya fedha zilizokwisha kuingia?"

"Nimeomba hizi fedha miaka sita," Stanislausi alisema. "Miaka sita napanda ngazi za ofisi za watu na bahasha mkononi. Usituharibie, kaka. Nakuomba."

Nassibu alirudi nyumbani kwa miguu, jua likiwa bado kali. Alimkuta Mwanaupe anachambua mchicha barazani. Alipomwambia habari ya India, mkewe aliachia fungu la mchicha likaanguka.

"India! Wewe! Utakula nini huko na hilo tumbo lako la ugali?"

"Siendi."

"Huendi kwa nini?"

Akakaa, akamweleza polepole, kwa sababu mwenyewe alikuwa bado anayapanga kichwani. Kiwandani pamba inapimwa ikiingia. Nyuzi zinapimwa zikitoka. Kinachobaki chote kinaandikwa mbegu, na hakuna anayezipima hizo mbegu. Kwenye kilo mia wameandika nyuzi ishirini na nane na mbegu sabini na mbili. Lakini humo ndani kuna mchanga, kuna maji yaliyokwisha kukauka stoo.

"Kwa hiyo hicho kinu chao kitakamua mchanga," Nassibu alisema, "na mtambo wao utachoma maji. Wameupima kwa mbegu ambazo hazipo, mama Shamsia. Mwaka wa kwanza utafanya kazi nusu, mwaka wa pili robo, na mkopo hautaki kujua. Watachukua kiwanda. Watachukua na kiwanja."

"Na mke mwenzangu?"

"Huyo atauzwa chuma chakavu kabla ya wote. Kwa kosa la kusingiziwa!"

Mwanaupe aliokota mchicha wake. Alikuwa mwanamke wa maneno machache akifikiri, na hapo alifikiri mpaka fungu zima likaisha.

"Ukisema, watakuuliza hii nyumba."

"Wataniuliza."

"Watasema ulikula na wewe, sasa umeshiba unanyoosha kidole."

"Watasema kweli."

"Mficha uchi hazai, baba Shamsia," Mwanaupe alisema. "Lakini ukienda kuwavua watu nguo, anza na zako."

Kesho yake Nassibu alimwomba mtunza stoo pamba kilo mia, vilevile ilivyotoka kijijini, akaipeleka uani kwake. Siku tatu yeye na Mwanaupe waliianika juu ya majamvi, wakaikung'uta kwa fito kiganja kwa kiganja. Mchanga ulianguka chwaa, chwaa, mpaka kuku wakakimbia. Mwishowe walipima. Pamba kilo themanini. Mchanga kilo nane. Kumi na mbili zilizobaki ni maji, yamekwenda na jua. Akazipeleka zile themanini kwenye mashine namba tatu. Zikatoka nyuzi kilo ishirini na nane, na mbegu hamsini na mbili, safi, hazina hata ndevu.

Nassibu alipiga hesabu mara mbili kwa chaki sakafuni. Ishirini na nane kwenye themanini ni sawasawa na thelathini na tano kwenye mia. Mashine haikuwa imebakiza kitu. Aliipapasa ubavuni, akasikia machozi yanamlenga, mtu mzima na ndevu zake. "Nisamehe," akaiambia. "Nilinyamaza."

Utiaji saini ulipangwa Musoma, kwenye ukumbi mmoja wa mtaa wa Kitaji. Nassibu alipanda basi la asubuhi pale stendi ya Bunda na gunia la mbegu na mfuko wa mchanga. Kondakta aliunyanyua ule mfuko akashangaa. "Mzee, mchanga Musoma hakuna? Ziwa lote lile?" Nassibu akalipia mzigo, akaenda kukaa.

Ukumbini walikuwa wamejaa wajumbe wa vijiji vyote, wamevaa nguo za kanisani. Meza kuu alikaa Stanislausi na suti ya kijivu, Rhobi, na mabwana wawili wa mfuko kutoka Dar. Kalamu zilikuwa zimeshapangwa juu ya karatasi. Fundi Mkuu mtarajiwa akaitwa atoe neno la shukrani kwa niaba ya wafanyakazi.

Nassibu alisimama. Akaubeba mzigo wake mpaka meza kuu.

"Ndugu zangu," alianza, "mimi nina nyumba ya vyumba vinne. Nimejengewa na nyie."

Watu wakacheka.

"Sisemi utani. Mchanga wa ile nyumba mliuleta nyie, ndani ya pamba. Nimeufagia miaka thelathini na moja nikaujengea. Nilijua, nikanyamaza, kwa sababu ulikuwa unanifaa. Mtu wa kwanza kulaumiwa ni mimi." Akafungua mfuko, akaumimina mchanga juu ya meza, jirani kabisa na zile kalamu. Akaweka gunia la mbegu. Akaeleza kilo moja moja: nyuzi ishirini na nane, mbegu hizi hamsini na mbili, mchanga huu nane. "Maji nimeshindwa kuyaleta. Mashine haina kosa. Na mbegu mnazotaka kujengea mtambo wa umeme si sabini na mbili. Ni hamsini na mbili. Mkisaini leo, mnaweka rehani kiwanda kwa ajili ya mchanga."

Mama yangu! Ukumbi ulilipuka. Wengine walipiga kelele kwamba ni mwongo, wengine kwamba amenunuliwa, na wale waliokuwa kimya walikuwa wanatazama dirishani. Stanislausi alisimama mpaka kiti kikaanguka.

"Unatuvua nguo mbele ya wageni, Nassibu!"

"Nimeanza na zangu, mwenyekiti."

Bi Lukresia, mjumbe mzee wa kijiji cha ziwani, naye akainuka, fimbo mkononi. "Msijifanye malaika!" alifoka. "Ile mizani ilitunyonya kwanza. Nani alitulilia sisi? Ningeacha watoto wangu wafe njaa ili pamba iwe nyeupe?" Na alisema kweli.

Hapo Rhobi akasimama. Alichota mchanga kiganjani, akautazama kwenye mwanga. Watu walijikunyata wakidhani sasa watatukanwa kwa lugha ya vitabu.

"Wa kwetu Butiama ni mwekundu zaidi," alisema. "Mama yangu analima pamba. Mchanga nilikuwaga nabeba mimi, kwa kopo la maziwa, asubuhi kabla sijaenda shule. Ada yangu ya fomu foo imetoka humo. Nimepiga hesabu hizi miezi sita, na nilipoona ile ishirini na nane, nikasema mashine." Akaurudisha mchanga mezani. "Nilijua, mzee wangu. Ndani kabisa nilijua. Mashine haiwezi kujitetea, ndiyo maana nikaisingizia."

Kisha akazikusanya karatasi zote, na zile kalamu, akazirudisha kwenye mkoba. Siku ile hakuna aliyesaini kitu.

Sitaki kukudanganya kwamba Nassibu alibebwa juujuu. Alirudi Bunda peke yake, na kwenye basi wajumbe waliacha kiti kitupu pembeni yake ingawa wengine walisimama. Mjini wakampa jina, Fundi Mchanga. Wake zao walimrushia Mwanaupe maneno sokoni: mume wako amekataa bilioni tisa, amewahi kuona hata milioni? Mwanaupe alikuwa anajibu, "Ameona mchanga," anachagua nyanya zake, anaondoka. Lakini nyumbani alilia. Nassibu alisikia, akakaa barazani akiutazama ukuta wake, na mara nyingine akajiuliza kama hakuwa mpumbavu tu.

La Stanislausi ndilo lililomuuma kuliko yote. Walikutana uso kwa uso karibu kila siku, mlangoni pa kiwanda, na Stanislausi alipita bila salamu. Kwetu sisi hata mwizi anasalimiwa. Mwezi baada ya mwezi, hakuna "habari", hakuna "hujambo", hakuna hata kikohozi cha kuonyesha nimekuona.

Rhobi alirudi mwezi wa kumi na mbili, na safari hii alianzia vijijini. Alilala kwa watu, alikaa na akina Bi Lukresia kwenye majamvi yao. Kumbe mabwana wa Dar hawakuwa wamekimbia. Walisema hawajawahi kuonyeshwa hasara yao kabla ya kuipata. Mpango mpya ulikuwa mfupi. Bilioni nne kwanza, na tano zisubiri misimu mitatu mpaka mbegu zenyewe zipimwe kwa mizani. Katika hizo nne, fedha ya kwanza haikwenda kwenye mtambo wowote. Ilikwenda vijijini: mabanda ya kuanikia, meza za wavu za kukung'utia, kipimo cha unyevu kila kituo cha kununulia, na bei ya juu kwa pamba safi, ilipwe palepale mbele ya macho ya watu. Ndipo kikaja kinu cha mafuta, kidogo, na mtambo wa umeme wa kuchoma maganda, mdogo nao, uliopimwa kwa zile mbegu kilo hamsini na mbili. India ikafutwa. Mafundi wa kinu walikuja wenyewe Bunda wiki mbili wakafundisha pale pale. Na mashine namba tatu ikabaki mahali pake, ikanunuliwa ngozi mpya za rola.

"Bei ndiyo itawafundisha," Rhobi alimwambia Nassibu siku ya kuaga. "Maneno tumeshasema sana, baba."

Msimu mpya ukafunguliwa. Lori la kwanza lilitoka vijiji vya ziwani, kwa akina Stanislausi. Nassibu aliiwasha mashine kwa upole wa bwana harusi. Ilinguruma siku nzima bila kukohoa. Jioni alichukua ufagio na beleshi, akainama chini yake kama desturi. Alifagia kona zote. Kilichopatikana kilienea kwenye kiganja kimoja na nafasi ikabaki. Mtunza stoo alipopima nyuzi, ilikuwa thelathini na nne na nusu kwenye mia. Nassibu akakaa chini sakafuni pale pale, akacheka peke yake mpaka vijana wa marobota wakaja kumwangalia.

Nyumbani alimweleza Mwanaupe. Mwanaupe akafurahi, akapiga kigelegele kidogo cha puani, halafu akageuka kulitazama lile jiko lililoishia kiunoni.

"Na jiko langu?"

Nassibu akajikuna kichwa. "Mchanga tutanunua. Kama watu wengine."

"Kwa mshahara upi?"

Nassibu akachukua birika, akaenda kutawadha.

Ijumaa, Nassibu ametoka msikitini na kanzu bado mwilini, alisikia tipa linarudi kinyumenyume kuingia uani kwake, kuku wanatawanyika. Mlango wa mbele ukafunguka. Akashuka Stanislausi Masatu, amevaa shati la shambani, karatasi mkononi. Alisimama pale akimtazama shemeji yake, kwa sababu kumtazama Nassibu bado kulikuwa kugumu.

"Hodi, shemeji."

"Karibu," Mwanaupe alisema, bila kutabasamu.

"Nimeleta mchanga. Wa mto. Risiti yake hii hapa, nimeununua dukani kwa watu." Akainyoosha ile karatasi. "Nimesikia msimu huu wa kwetu umeadimika."

Nassibu alitaka kusema maneno mengi. Alikuwa ameyapanga miezi yote ile, makali, yenye ncha. Yote yakamkimbia. Alimwona tu kijana wa zamani aliyekuwa anabeba marobota mawili kwa mpigo ili wasichana wanaopita wamwone.

Stanislausi ndiye aliyejikaza. Akamgeukia, akanyoosha mkono.

"Mke mwenzake shemeji," akauliza, "hajambo?"

"Hajambo, Stani," Nassibu alisema, akaushika ule mkono kwa mikono yake miwili. "Ameacha kukohoa."

Wakabaki hivyo, wameshikana, wazee wazima wanafuta macho kwa mabega. Mwanaupe aliwaacha. Akaenda kumwelekeza dereva amwage mchanga karibu zaidi na jiko.